Mdhamini Aliyeletwa na Baba Mkwe

Scola Anselm alilipwa mshahara kwa kazi ya kutoamini watu. Nasema kwa utani, lakini si utani mtupu. Nilifanya naye kazi ofisi moja hapa Singida mjini kwa miaka mingi, mimi nikiwa katibu muhtasi mwenye taipureta iliyostahili kustaafu kabla yangu, yeye akiwa chumba cha pili na mashine zake. Watu walikuwa wakipita mezani kwangu na kuniuliza, "Hivi yule dada wa kompyuta anafanya nini hasa huko ndani?" Nami niliwajibu kwamba anaangalia nani wa kuaminiwa na nani si wa kuaminiwa. Walicheka wakiona mimi Evodia nimeanza tena. Hawakujua kwamba siku hiyo nilikuwa nimesema kweli.

Ofisi yetu ilikuwa umoja wa zahanati za vijijini. Tulikuwa na Mitundu kule Itigi, tulikuwa na Mtinko, tulikuwa na Iguguno ambako ndiko kwetu, na nyingine nyingine. Mtu akitolewa damu Mtinko, ile damu ilisafiri kwenye kasha la barafu mpaka maabara moja kubwa ya Dodoma, na majibu yakarudi kwa mtandao. Yalifika kwanza kwenye seva ya Scola, yaani ile kompyuta isiyozimwa usiku na mchana, iliyopepewa na feni wakati sisi wengine tunajipepea kwa mafaili. Kutoka kwenye seva majibu yalikwenda zahanati. Mwaka ulikuwa elfu mbili na tano, na mnakumbuka watu wa miaka ile walikuwa wakipima nini. Dawa za kurefusha maisha ndio kwanza zilikuwa zimeanza kufika kwetu. Mtu alikubali kunyoosha mkono atolewe damu baada ya kuapiwa na nesi kwamba majibu yake hayataonwa na yeyote njiani. Nesi aliapa kwa sababu Scola alimwambia anaweza kuapa.

Sasa seva nayo inajuaje kwamba anayezungumza nayo ni Dodoma kweli? Haimjui. Scola alinieleza jambo hili tukila viazi vya kuchemsha, akalieleza tena wiki iliyofuata nilipokuwa nimelisahau. Kompyuta ya Dodoma ikibisha hodi, inaonyesha cheti chake, na kwenye cheti kuna sahihi ya mkubwa fulani. Seva inajiuliza, huyu mkubwa namtambua? Ikimtambua inafungua mlango, na isipomtambua inakataa katakata hata ukiisihi. Wakubwa hao wana vyeti vyao wenyewe, na wataalamu wanaviita vyeti vya mzizi, maana juu yao hakuna mwingine wa kuwawekea sahihi. Unawaamini, au huwaamini, basi. Scola hakupenda jina hilo la mzizi. Yeye aliwaita wadhamini.

Mimi nilikulia zama za muhuri mmoja. Duka lilikuwa moja la kijiji, benki moja, redio moja, na mtu akikuonyesha karatasi yenye muhuri ulijua umetoka wapi. Halafu soko likafunguliwa, na sikatai, sukari na sabuni zilirudi madukani tukashukuru Mungu. Lakini zilikuja pamoja na kila mwenye mkoba na tai aliyedai kuwa kampuni. Walikuja wa mbegu, wa bima, wa simu, wa kununua alizeti kabla haijachanua, na kila mmoja ana muhuri mzuri wenye rangi. Wengine walikuwa watu safi kabisa. Tabu ni kwamba hakuna aliyetufundisha namna ya kuwatofautisha, tukabaki kila mtu na macho yake. Nilikuwa nikilalamika hivyo mbele ya Scola, naye ananiambia, "Mama Jenifa, na humu kwenye mashine ndivyo hivyo hivyo."

Alikuwa na maana yake. Ile seva ilikuja ikiwa tayari na wadhamini lukuki, wengi wa nchi ambazo Scola hatazikanyaga, wote wakiaminiwa tangu kiwandani. Akawapitia mmoja mmoja. Hakutumia kipanya wala vipicha. Alikuwa na skrini nyeusi yenye maandishi meupe, na amri alizoziandika mwenyewe kwenye mafaili madogo akayapa majina ya kwetu. Moja aliliita *weka*, la pili *toa*, la tatu *kagua*. Nilisimama nyuma yake nikamwona anasoma jina la mdhamini, anakunja uso, na kusema, "Huyu mimi wa Singida ananihusu nini?" Kisha anaandika *toa* na jina la yule bwana, anabonyeza, na bwana hayupo tena. Ulikuwa ni uamuzi wa kutisha kidogo, na ulinifurahisha sana.

Kuingiza mdhamini mpya ndiko kulikokuwa na kazi. Scola alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyeukwepa. Kila cheti kina alama yake, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ambao haufanani na wa cheti kingine chochote. Aliyeleta cheti alikalishwa kwenye kigoda mbele ya Scola, goti kwa goti, akaisoma ile alama kwa sauti kutoka kwenye karatasi yake mwenyewe, huku Scola akiifuata kwenye skrini kwa kidole. Kisha lazima aseme kwa kinywa chake mdhamini huyu anakuja kumdhamini nani. Mtu akijibu "anadhamini wote tu", Scola alimrudishia diski yake na kumtakia safari njema. Mkuu wetu, Daktari Urbano, naye alipoleta cheti cha maabara ya Dodoma alikaa kwenye kigoda na suti yake, akasoma mpaka koo likamkauka.

Nilimuuliza siku moja ameyatoa wapi masharti haya. Akaniambia baba yake alikuwa mtu wa reli pale stesheni ya Itigi. Kulikuwa na kipande cha chuma ambacho dereva wa treni hakuweza kuondoka bila kukabidhiwa mkononi, na ukiona chuma kiko mkononi mwako, unajua hakuna treni nyingine njiani. Baba yake hakukiweka chuma hicho juu ya meza hata siku moja, wala hakumpa mtu ampelekee dereva. Scola alikulia humo, akaona ndivyo dunia inavyoendeshwa.

Huyo ndiye Scola. Sasa niwaambie kuhusu mkwewe.

Scola aliolewa Mtinko na Peniel, mfanyabiashara wa kuku, kijana mwema ambaye nusu ya maisha yake yako barabarani na matenga yake kuelekea Dar. Baba yake Peniel ni Mzee Zefania, na kama ulikuwa mtoto Singida miaka ya sabini, basi Mzee Zefania amekuchanja. Alikuwa bwana afya. Alizunguka mkoa mzima na pikipiki, akakagua vyoo na visima, na nyumba isiyo na choo hakunywa chai yake hata wakimwekea maziwa. Watu walimuogopa na kumpenda kwa wakati mmoja. Halafu zikaja zile nyakati za kupunguza watu kazini, naye akapunguzwa. Akarudi Mtinko akalima alizeti na mtama. Hakulalamika, lakini nilikuwa nikimwona mnadani amevaa koti lake la kaki la kazi, limefuliwa na kupigwa pasi, wakati kazi yenyewe ilishakwisha. Mkewe naye akafariki. Ilikuwa inaniuma kumwona.

Ndipo ikaja kampuni moja ya mawasiliano, jina lake halina haja kwa kuwa yenyewe ilikufa zamani. Walitaka kuuza mtandao wa kasi mkoani na walihitaji mtu ambaye milango inamfungukia. Wakampata Mzee Zefania, wakamfanya wakala, wakampa shati jeupe lenye nembo kifuani. Siku alipokuja ofisini na shati lile alitembea kama mtu aliyerudishiwa miguu. Daktari Urbano alimpokea kwa mikono miwili, maana laini yetu ya zamani ya simu ilikuwa mateso. Majibu ya Dodoma yalianza kuingia asubuhi na kumalizika baada ya chakula cha mchana. Kampuni ikaleta dishi, ikafunga na kiboksi chake huko kwake, katikati ya njia kati ya seva yetu na Dodoma. Kilichobaki ni cheti cha kampuni kiingizwe kwenye seva, vinginevyo seva ingekataa huduma. Mafundi wao wakakiweka kwenye diski, na diski wakampa Mzee Zefania ailete.

Nyumbani kwa Mzee Zefania mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hakai naye mkeka mmoja, hapokezani naye kitu mkono kwa mkono, hali mbele yake, na neno zito likiwepo linapitia kwa mtu wa tatu hata kama nyote watatu mko uani pamoja. Scola alikuwa ameolewa pale miaka mingi na alikuwa hajawahi kumuuliza mkwewe hata kama ameshakula. Alimtuma mtoto akaulize. Msinione ninacheka, kwetu Iguguno tulikuwa na yetu vilevile, na heshima hiyo imezuia maneno mengi mabaya yasisemwe.

Mzee akaingia chumbani kwa Scola. Scola akaondoka kitini, akapiga magoti karibu na mlango.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Nimeagizwa nikuletee hiki." Akaiweka diski mezani.

"Asante baba."

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilikitazama kigoda, nikamtazama Scola, nikamwonyesha kwa kidevu kwamba haya, mkalishe. Scola akatazama sakafu. Na kweli, angeanzaje? Amkalishe baba wa mumewe goti kwa goti, amwambie soma nikusikie kama unasema kweli? Amuulize unamdhamini nani? Mzee alisubiri kidogo, akatuaga, akaenda zake na shati lake. Scola akarudi kitini, akaandika *weka*.

"Na kusomewa je?" nikamuuliza.

"Mama Jenifa, yule ni baba."

"Na Daktari Urbano ni nani, mjomba?"

"Niache, tafadhali."

Nikamwacha, maana sauti yake haikuwa ya kutaniwa.

Kasi ilikuja kweli. Majibu yalianza kufika Mitundu kabla nesi hajamaliza kufunga khanga yake, na Daktari Urbano akawa anampongeza Scola kwenye kila kikao, na Scola anainamisha kichwa. Ilikuwa raha kwa kila mtu isipokuwa yeye. Alikuwa na desturi kila Jumatatu asubuhi ya kuendesha ile amri ya *kagua*, ambayo humwonyesha mazungumzo yote yaliyopita na nani aliyeyadhamini. Jumatatu za kwanza, nadhani, alitazama haraka haraka. Kisha ikaja Jumatatu moja akatazama vizuri, akaniita kwa sauti ambayo sikuizoea.

Maabara ya Dodoma ilikuwa na mdhamini wake, yule aliyesomwa na Daktari Urbano mpaka koo likakauka. Sasa skrini ilisema mdhamini wa Dodoma ni kampuni ya mtandao. Si siku moja wala mbili. Ni tangu siku diski ilipoingia.

"Maana yake nini?" nikauliza.

"Maana yake kile kiboksi chao kinasimama njiani. Kinaiambia seva yangu, mimi ndiye Dodoma. Kinafungua majibu, kinayabana yawe madogo ili yaende mbio, kisha kinayafunga tena kwa muhuri wake. Na seva inapokea, kwa sababu mimi niliiambia imwamini."

"Kwa hiyo wanasoma?"

"Mashine inasoma. Mtu akitaka, na yeye anasoma."

"Majina ya watu?"

"Majina hayamo. Kuna namba, zahanati, umri, mume au mke, na kazi yake."

Nilipandwa na hasira hapo hapo. "Scola, Iguguno kuna makatibu muhtasi wangapi wanawake wa umri wangu? Hebu nihesabie!"

Alichuchumaa chini ya meza akauchomoa waya wa dishi, na mtandao wote ukazimika. Nilingoja aandike *toa*. Hakuandika. Alikaa ameshika waya mapajani.

"Mbona hukitoi?"

"Nikikitoa leo, kesho mafundi wao wataona. Watampigia baba simu wamwambie mkamwana wako amekufukuza. Nitakuwa nimemtoa mbele za watu, naye hajasikia neno kutoka kwangu."

"Na watu waliosomwa?"

"Waya umechomoka, watadhani ni hitilafu tu, na hakuna anayesomwa sasa. Lakini lazima ajue kwanza."

Nilimwona mpumbavu, na nilimwambia hivyo. Kazi ya Mzee ilitegemea ofisi yetu, sisi ndio tuliokuwa mteja wake mkubwa. Tukijitoa, lile shati linarudi kwa wenyewe. Scola alilijua hilo kuliko mimi. Upande huu kulikuwa na watu waliokubali kutolewa damu kwa sababu ya ahadi yake, na wengine wanangoja majibu ambayo sasa yamekwama Dodoma, kwa kuwa laini ya zamani tulikuwa tumeikata. Upande ule kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa ameanza tena kunyoosha mgongo. Daktari Urbano alisikiliza yote akakuna kichwa, akasema, "Mpaka Jumatatu ijayo majibu yawe yanapita, kwa njia yoyote utakayoona ni safi." Peniel naye alipigiwa simu akiwa Dar na kuku wake. Akasema baba yake hawezi kupokea habari kama hiyo kutoka kwa mwanawe, labda aende mtu mzima wa kusema kwa niaba ya Scola. Ndivyo mzigo ulivyoniangukia mimi.

Jumamosi tukapanda lori la mnadani tukaenda Mtinko. Mzee tulimkuta uani anaanika alizeti, amevaa shati la kampuni siku isiyokuwa ya kazi. Alituona tu akajua kuna neno. Akaingia ndani akatoa kiti chake na kigoda changu. Scola akaketi kwenye mkeka pembeni ya jiko, mgongo nusu ametugeuzia. Nilikuwa katikati yao, na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini kila neno lazima lipite kwangu.

"Mwambie baba," Scola akaanza, sauti ndogo, "kwamba kile cheti alichokileta nataka kukitoa."

"Anasema cheti ulicholeta anataka kukitoa."

"Muulize, kina kasoro gani?"

"Mwambie kampuni inasimama njiani inafungua majibu ya watu."

Nikakohoa. Nikamtazama Mzee na kola yake iliyonyooka. "Anasema kuna kitatizo kidogo cha njiani."

"Sikusema kidogo, Mama Jenifa," likaja toka kwenye mkeka.

Mzee Zefania karibu atabasamu. Nikarudia kama alivyosema, lote, na kiboksi, na muhuri, na Jumatatu, na waya. Nilipomaliza uso wa Mzee ulikuwa umefunga.

"Mwambie," akasema, na hakuwa ananitazama mimi, "kwamba mafundi waliniambia ni cheti cha kuongeza kasi. Sikujua zaidi ya hapo. Mwambie kazi hii ndiyo iliyonivisha shati tena. Nilikaa hapa miaka kumi, watu niliowachanja wananipita wananiambia pole mzee. Sasa wananiuliza mambo. Mwambie hata yeye angeweza kuniuliza siku ile, nikaenda nikawauliza, yasingefika hapa."

Sikurudia. Halikuwa na haja ya kurudiwa. Scola alikuwa analia bila sauti, nilimwona mabega.

"Mwambie baba ni kweli," akasema. "Nilipaswa kumuuliza. Niliona aibu. Kosa ni langu, siyo lake."

"Anasema..."

"Nimesikia."

Kuku walikuwa wanaidonoa alizeti na hakuna aliyewafukuza. Mzee alipangusa magoti yake kwa viganja, kisha akauliza taratibu, kwa sauti ya kazini, ile ya kukagua visima.

"Muulize, yaliyofunguliwa ni majibu ya lini?"

"Tangu siku diski ilipoingia mpaka Jumatatu hii," nikajibu mwenyewe, kwa kuwa nilijua.

"Na huyo anayefungua anaona nini?"

"Jina haoni. Anaona namba, anaona zahanati. Umri. Mume au mke. Na kazi ya mtu, kama ni mkulima, mwalimu, mstaafu..."

Nilidhani Mzee anafikiria cha kuwaambia mabosi wake. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona nyumba ile wala nyumba nyingine. Aliinuka, akakishika kiti chake, akakigeuza kikaelekea jikoni.

"Scola," akasema. Siku zote alimwita mama. "Mtinko hii mstaafu wa afya ni mimi peke yangu."

Niliuona mkono wa Scola umesimama hewani na ncha ya khanga, machozi hajamaliza kuyafuta. Mimi nilitamani ardhi inimeze na kigoda changu.

"Umeyaona?" Mzee akauliza.

Scola akasimama. Akazunguka mkeka akaja mbele yake, akamtazama usoni, baba wa mumewe, mchana kweupe.

"Sijayaona, baba. Kwangu yanapita yamefungwa. Naangalia nani amefunga, basi. Ya ndani ni ya mwenyewe na nesi."

"Hata ukitaka?"

"Ningetaka ningeweza. Sijawahi kutaka."

Mzee alimtazama muda mrefu, naye Scola hakuinamisha macho.

"Basi kitoe," Mzee akasema. "Kampuni nitawaambia mimi mwenyewe, na shati lao nitawapelekea. Waliniambia niwaombe watu waniamini, na watu wakaniamini." Kisha sauti ikapungua. "Hayo majibu yangu yamefika pale zahanati siku nyingi. Kila asubuhi navaa viatu, nafika njia panda, narudi. Tangu mama yenu afariki sijapata mtu wa kumwambia."

"Twende, baba," Scola akasema.

Nikainuka na mimi, kama kawaida yangu, nikajifunga khanga vizuri. Mzee akanigeukia. "Mama Jenifa, wewe tungojee hapa." Nikakaa. Nikawatazama wanashuka njia ya zahanati, mzee na mkamwana wake, wanakwenda sambamba wanazungumza. Nami nilibaki kuwafukuza kuku, na niwaambie kweli, machozi yalinitoka na sikujua ninawalilia nani.

Walirudi jua limeshasogea. Nilimsoma Mzee uso, nikamsoma Scola, sikupata kitu. Mzee akasema tusiondoke bila kula. Tukala.

Jumatatu Scola aliandika *toa*, akabonyeza, na yule mdhamini akaondoka. Akaipigia simu maabara ya Dodoma kuwaambia nini kimetokea, akawaandikia na manesi wote, hakuficha. Tukarudi kwenye laini yetu ya mateso, Daktari Urbano akanuna mwezi mzima. Mzee Zefania alirudisha shati siku hiyo hiyo, na kampuni ikatafuta wakala mwingine.

Watu wameniuliza sana, kwa sababu wananijua mimi ni mdaku na wala sibishi. Majibu ya Mzee yalikuwaje? Sijui. Tulikaa na Scola vyumba jirani miaka mingi baada ya hapo, tukala viazi vingi, na yeye hakusema na mimi sikumuuliza.

Mwezi uliofuata nilipanda basi nikaenda Iguguno, kwetu, ambako hata mbwa wananijua jina. Nikaingia zahanati, nesi akaniandika: mwanamke, umri wangu, katibu muhtasi. Akaniuliza kama nina hakika. Nilikuwa nimelikwepa jambo hili tangu baba yake Jenifa alipofariki. Nikakunja mkono wa gauni langu, nikamnyooshea.